Mwalimu wa Taipu na Skrini Nne

Jina lake ninalijua, na hapa Morogoro wako wengi wanaolijua, lakini sijawahi kulitamka mbele yake na sioni sababu ya kuanza leo. Kwetu sote tuliopita mikononi mwake alikuwa Mwalimu wa Taipu. Aliendelea kuitwa hivyo hata mashine za taipu zilipogeuka kuwa vitu vya kuwekea makopo ya maua, hata alipokifunga chuo chake kidogo cha uhazili pale Mwembesongo na kupanda kwao milimani, juu ya Mgeta, ambako karoti na kabichi hulimwa kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama anashika ukuta. Watu wa mjini walisema amekwenda kupumzika. Walikuwa hawamjui.

Kule parokiani alikuta chumba kimoja chenye kompyuta za msaada. Wafadhili walikuja, wakapiga picha, wakaondoka, na baada ya muda ikabaki kompyuta moja tu inayowaka. Mwalimu akakiomba chumba, akapandisha mashine zake za zamani za taipu kwenye lori la mboga, akaanzisha darasa la vijana na kina mama waliomaliza shule wakabaki na jembe. Lakini mwenyekiti wa kamati ya parokia alikuwa anakitaka chumba hichohicho kwa ajili ya karoti. Sitamsema vibaya mtu huyo. Karoti za watu zilikuwa zinalala kando ya barabara zikinyeshewa, zikisubiri lori ambalo halisemi linakuja lini, na chumba kile kilikuwa na sakafu ya saruji na bati lisilovuja. Alimwambia Mwalimu waziwazi kwamba kompyuta moja siyo darasa. Kamati ingeingia kuangalia Jumapili ya mavuno, na ikikuta watu wawili wanafanya kazi na wengine wanatazama visogo vya wenzao, chumba kingekuwa ghala.

Ndipo Mwalimu alipoteremka mjini kunitafuta. Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda changu hukohuko Mwembesongo, mwanamke pekee mwenye bisibisi katika mtaa mzima, na taipu alinifundisha yeye. Alikuja na kabichi kwapani. Kila alipokuja alikuja na kabichi, na kila mara nilimwambia kwamba nyumbani kwangu hakuna anayeila, na yeye akajibu kwamba wataizoea. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama jinsi nilivyojikunja juu ya mashine ya mtu.

"Nyoosha mgongo," akasema.

Nikanyoosha. Nina watoto wakubwa, nina wateja wanaoniogopa, lakini nilinyoosha mgongo.

Maneno hayo mawili alikuwa anayatumia kuliko salamu. Aliyasema darasani, aliyasema sokoni kwa wauza nyanya, na nimewahi kumsikia akimwambia padri aliyekuwa anakunywa chai. Alikuwa na imani kwamba mtu aliyekunja mgongo hawezi kupiga herufi sawasawa, na wala hawezi kusikilizwa. Watu wa kwao, alisema, wanafika darasani wakiwa wamepinda kwa ajili ya jembe, na kazi yake ya kwanza siyo herufi, ni kuwanyoosha. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kinundu mgongoni kilichokuwa kikikua mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo.

Sheria yake ya pili ilikuwa macho. Mtu anayepiga taipu hatazami vidole. Anatazama karatasi anayoinakili, na vidole vinajitafutia njia vyenyewe. Wakati wetu alikuwa anatufunika mikono kwa khanga ili tusichungulie. Ukikosea, hakugombi, anakutaka uanze upya mstari mzima, na ukikosea tena, mstari mzima tena, na yeye amesimama nyuma yako ananukia sabuni ya kipande na hana haraka hata kidogo. Nililia machozi ya hasira chini ya khanga ile. Leo vidole vyangu vinapiga herufi huku nikizungumza na mteja, na sikumbuki nilianza lini kuweza.

Sasa siku ile ya kabichi alinieleza anachotaka. Alitaka kompyuta moja iwe na skrini nne. Skrini tatu zikae mbele ya mabenchi matatu, ya nne ikae mezani kwake. Mashine za taipu zilikuwepo za kutosha. Wanafunzi wangesoma maandishi kwenye skrini ya benchi lao na kuyapiga kwenye mashine, huku kibodi ya kompyuta ikizunguka kutoka benchi hadi benchi kwa zamu. Hivyo hakuna anayekaa bure.

Nikamwambia hiyo ni rahisi, kuna kidude cha kugawa picha, unachomeka waya mmoja unatoa minne, na bei yake haiumi. Akauliza kama kila skrini itaonyesha kitu chake. Nikasema hapana, zote zitaonyesha kitu kimoja.

"Basi hicho siyo ninachotaka," akasema. "Darasa siyo kanisa, wote waangalie altare moja. Wa benchi la kwanza hawajazijua herufi. Wa benchi la tatu wanapiga barua za maombi ya kazi. Nikiwaonyesha kitu kimoja, nusu watasinzia na nusu watakata tamaa."

Ilibidi nimweleze habari ya kadi ya picha. Ni kibao kinachochomekwa ndani ya mashine, na kazi yake ni kuitengeneza ile picha inayokwenda kwenye skrini. Ziko kadi zenye tundu moja, ziko zenye matundu manne, na hiyo ya manne inaweza kulisha skrini nne, kila moja na picha yake, kana kwamba ni meza moja ndefu iliyokatwa vipande. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza inauzwa wapi, akasimama. Kuna watu ukiwaeleza jambo wanasema watalifikiria. Yeye hakuwa na kipaji hicho.

Kadi tuliipata katikati ya mji, kwa mzee mmoja Mhindi ambaye familia yake imeuza vifaa vya umeme mtaa uleule tangu kabla sijazaliwa. Ni mtu mpole, Kiswahili chake ni cha Morogoro kabisa, lakini ana msimamo kwamba kitu kikishatoka dukani kimetoka. Mwalimu alikuwa na msimamo wake pia: halipi mpaka aone skrini zote nne zinawaka, hapohapo juu ya kaunta. Mzee akacheka, akasema mama alete basi hizo skrini. Alidhani amemaliza maneno.

Wiki iliyofuata lori la mboga likasimama mbele ya duka. Katikati ya matenga ya kabichi zilikuwemo skrini nne kuukuu, zimefungwa blanketi, na mashine yenyewe, na Mwalimu kiti cha mbele na mkoba magotini. Tukazipanga kwenye kaunta, wateja wakakosa pa kuweka mikono. Hapo nikaanza kuhangaika, kwa sababu matundu ya kadi yalikuwa ya kisasa na skrini zake zote zilikuwa za zamani, zile za waya wenye kichwa cha bluu, kwa hiyo kila tundu lilihitaji adapta. Mzee akatoa adapta zake za rahisi. Skrini ya kwanza ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu na ya nne zikabaki nyeusi. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha adapta, hali ni ileile. Mzee akasema skrini hizo mbili zimekufa.

Mwalimu akazihamishia kwenye yale matundu mawili yaliyokuwa yanafanya kazi. Zikawaka. Akavuta kibao, akakaa katikati ya duka, akatoa ufumaji wake, akaanza kufuma. Wateja wakaingia wakamwamkia, wakatoka. Adhuhuri ikaadhiniwa, mzee akaenda kuswali, akarudi, akamkuta palepale. Mwishowe akaingia stoo yeye mwenyewe, akatoka na adapta za aina nyingine, zile nzito zenye saketi zake ndani, maana kadi ile hailishi zaidi ya skrini mbili kwa adapta za rahisi, na tukazichomeka. Skrini zote nne zikawaka kwa pamoja. Mzee akamwagizia chai ya maziwa, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wakubwa. Mzee alikuwa ananiuliza habari za Mwalimu kila nikipita.

Nimetaja ufumaji. Hapa ndipo tulipogombana zaidi, mimi na yeye. Mwalimu alikuwa anaamini vitambaa. Pale chuoni kila mashine ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, na kila mwanafunzi aliyeingia alifuma cha kwake kabla hajagusa herufi. Kipindi kilianza kwa kukunja vitambaa na kilimalizika kwa kuvitandaza. Nyumbani kwake redio ilikuwa na kitambaa, dumu la maji lina kitambaa, kochi lina vitambaa hadi unakosa pa kukalia. Alisema kitu kisichofunikwa watu hudhani hakina mwenyewe. Sasa mashine yenye kadi ya skrini nne inachemka, ina feni inayotaka hewa, na yeye akaitandikia kitambaa juu na ubavuni, kizuri, cheupe, chenye maua ya zambarau. Siku niliyopanda kuifunga darasani nilimwambia akitoe. Akakitoa mbele yangu, na kabla sijafika barabarani alikuwa amekirudisha. Nilijua, kwa sababu niligeuka nikaona dirishani.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, hakubali jambo mpaka lijionyeshe lenyewe. Alikuwa mcha Mungu wa benchi la mbele, lakini matangazo ya parokia yakibandikwa na makosa ya herufi aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu palepale ukutani, hata yaliyosainiwa na padri. Alichukia umbea kwa moyo wote, na hakuna habari ya bonde zima iliyompita. Simu alikuwa nayo ndogo, na ujumbe wake ulikuja na nukta, mkato na aya, ukimalizika kwa maneno "Wako katika kazi." Alituambia machozi yanalowesha karatasi. Halafu binti mmoja wa benchi lake la tatu akapata ukarani huko Kisaki, na siku ya kumsindikiza stendi Mwalimu alilia mbele ya makondakta wote, akasema ni vumbi. Ilikuwa masika, mvua inanyesha.

Jumapili ya mavuno nilipanda kwa sababu sikumwamini na kitambaa chake. Mabenchi matatu yalikuwa yamejaa, skrini zinawaka, herufi kubwa kwa wanaoanza, hesabu za mauzo ya mboga kwa wa katikati, barua kwa waliokomaa. Mwenyekiti na kamati wakaingia baada ya misa, wamevaa suti. Nyuma yao wakaingia kina mama, wazazi wa wanafunzi, wakiimba, na mikononi wamebeba kitambaa. Kitambaa gani kile! Walikuwa wamekifuma kwa zamu, nyumba hadi nyumba, kipana kama shuka, na katikati wamefuma karoti na herufi. Wakaja nacho kwa vigelegele, wakaifunika kompyuta yote, mbele, nyuma, juu, wakaiviringisha kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mwalimu alinitazama mara moja. Nikatikisa kichwa. Lakini zawadi imeshatolewa mbele ya kamati, na kuwavua kina mama wale heshima yao hadharani lilikuwa jambo lisilowezekana.

Mwenyekiti akaanza hotuba. Wakati anaendelea, skrini ya benchi la kwanza ikaingiwa na mistari ya rangi. Ikafuata ya pili. Kisha zote nne zikazimika, na mashine ikanyamaza. Mwenyekiti naye akanyamaza. Niliona macho yake yanapima ukuta, na nina hakika alikuwa anapanga magunia.

"Endeleeni," Mwalimu akawaambia wanafunzi.

Wakaendelea. Kule umeme hukatika kila uchao, na yeye alikuwa amewazoesha kuyashika maandishi kichwani ili giza lisiwakute na mikono mitupu. Mashine za taipu ziligonga pande zote za chumba, benchi baada ya benchi, mbele ya skrini nyeusi. Yeye akaiendea kompyuta, akakifungua kile kitambaa taratibu bila kukivuta, akakikung'uta, akajitanda mabegani hadi magotini. Akawageukia kina mama, akawaambia kazi ya mikono kama hiyo haifai kufunika bati, inafaa kufunika mtu, na kwamba atakivaa kila siku ya darasa ili wanafunzi wawaone mama zao. Vigelegele vikapanda tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga magoti nyuma ya mashine, ninaipepea kwa gazeti la parokia. Ilipopoa nikaiwasha, na skrini zikarudi.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Alisema chumba kitabaki darasa, lakini kwa sharti: mradi Mwalimu anafundisha mwenyewe. Siku atakaposhindwa, funguo zinarudi kwa kamati. Nadhani alijua umri uko upande wake. Mwalimu akakubali, na tangu hapo kompyuta haikufunikwa tena. Alivaa kitambaa yeye.

Darasa likakua. Likaja benchi la nne, na hilo halikuwa na skrini. Watu wake walikaa pembeni wakichungulia ya benchi la tatu, shingo zimepinda, na shingo zilizopinda zilikuwa zinamnyima Mwalimu usingizi. Akanipigia simu akitaka skrini ya tano. Nikamwambia kadi ina matundu manne tu, na yote yamejaa. Akasema mashine yenyewe ina tundu lake la zamani kwa nyuma, alilitumia kabla ya kadi. Nikamweleza kwamba ukishaweka kadi, tundu lile hulala. Akauliza kwa nini lilale, nani ameliruhusu. Nikapanda mlima kwa ajili ya swali hilo tu, nikatafuta kila mahali ndani ya mipangilio ya mashine ile kuukuu pa kuliamsha, nisipaone. Alinisindikiza hadi barabarani amenuna, lakini kabichi akanipa.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia aliniita yeye, na ujumbe wake ulikuwa na kosa la herufi. Moja tu. Niliusoma mara nyingi nikiwa kibandani. Asubuhi yake nikafunga kazi, nikapanda.

Nilimkuta darasani peke yake, amekaa mezani na kitambaa mabegani, mgongo ameunyoosha kadiri kinundu kilivyomruhusu. Nikamwamkia tokea mlangoni. Aliitikia, lakini uso wake ulielekea kidogo pembeni yangu. Nikajua.

"Hiyo skrini ya mezani kwangu," akasema, "ichomoe uipeleke benchi la nne. Waya utafika?"

Nikamuuliza yeye atatumia nini.

"Mimi siihitaji tena, mwanangu."

Alinieleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Alikwenda hospitali, daktari akamwambia dawa italinda kilichobaki, na kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kilikuwa mwanga wa dirisha tu. Mwenyekiti ameshasikia, kwa sababu Jumapili iliyopita Mwalimu alimimina chai nje ya kikombe mbele ya watu, na huyo mwenyekiti ametuma salamu kwamba kesho atakuja mwenyewe kukaa darasani. Kuna dada mmoja wa benchi la tatu aliyekuwa anamwandaa kushika nafasi yake. Alihitaji msimu mmoja zaidi, siyo zaidi ya huo.

Nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nataka kulia na mbele yake hairuhusiwi. Nikamwambia aiache skrini mezani, iwake tu, nani atajua. Akasema hatawadanganya watu wa kanisa lake, na isitoshe kuna watu wanne pale wanavunjika shingo kila siku, na skrini nzima inawaka mbele ya mtu asiyeiona. Hayo ni matumizi gani? Nikarefusha waya, nikaihamisha. Halafu tukafanya mazoezi hadi mchana. Kuna vitufe ukivibonyeza kwa pamoja, karatasi uliyoifungua inaruka kutoka skrini moja hadi nyingine. Nilimwonyesha mara moja, akavishika. Nikaipanga mashine ili ikiwaka, maandishi ya kila benchi yajifungue kwenye skrini yake yenyewe. Yeye akakaa na kibodi mbele ya meza tupu, akawa anapiga, na mimi nikakaa benchi la nne nikisoma. Hakukosea hata herufi. Lile kosa la kwenye simu, alisema kwa hasira, ni kwa sababu simu haina vitufe vya maana.

Nililala kwake. Asubuhi darasa lilijaa mapema, kila mtu anajua kinachokuja. Mashine zikaanza kugonga. Mwalimu alikaa mezani amegeuza sikio, na mara mbili tatu akasema kitu kama "Benchi la kwanza, mmoja wenu anatazama vidole," na kweli alikuwepo mmoja, akainua macho kwa aibu. Alikuwa anasikia kusitasita.

Mwenyekiti akafika na buti za shambani na kofia mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele na milele. Karibu, Mwenyekiti."

Hakukaa. Alisimama mlangoni akiitazama ile meza yenye kibodi tu. "Mwalimu, skrini yako iko wapi?"

"Ipo benchi la nne."

"Na wewe unatazama nini?"

"Mashine za taipu hazikuwa na skrini, Mwenyekiti, na nimezifundisha maisha yangu yote."

Akageuza kofia mikononi. Nilimwona hapendi swali lililobaki, na nilimwona ameamua kuliuliza. "Unaniona hapa niliposimama?"

"Hapana," akasema Mwalimu.

Mashine zote zikanyamaza.

"Sikuoni," akaendelea. "Nasikia umevaa buti, na hujaingia ndani. Na nasikia mabenchi yote manne yameacha kazi bila ruhusa yangu." Mashine zikaanza kugonga tena, haraka. "Sharti lilikuwa lako. Ulisema chumba ni darasa mradi ninafundisha mwenyewe. Hukusema ninaona. Kaa basi, uone kama ninafundisha. Nikishindwa, funguo zipo hapa mezani."

Zilikuwepo. Alikuwa ameziweka yeye mwenyewe asubuhi, karibu na mkono wake wa kulia. Mwenyekiti akazitazama, hakuzichukua.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Benchi la nne. Sasa lina skrini."

Wakampisha. Akakaa mwisho wa benchi, mbele ya mashine ya taipu isiyokuwa na mtu, mtu mzima aliyelima tangu utotoni, mabega mbele, kidevu kifuani. Mwalimu akaweka vidole juu ya kibodi. Akabonyeza vile vitufe vya pamoja, na kwenye ile skrini iliyokuwa yake ikatokea karatasi nyeupe. Herufi zikaanza kutembea juu yake moja moja, bila kurudi nyuma:

"Karibu darasani, Mwenyekiti. Nyoosha mgongo."

Mwenyekiti aliyasoma maneno hayo taratibu, midomo ikicheza. Akarudia kuyasoma. Kisha akaiweka kofia chini ya benchi, akanyoosha mgongo, akamuuliza dada aliyekaa karibu naye vidole vinakaa wapi.